Kitendawili cha Ziwa Challa: Tope, Tarakilishi na Tabianchi ya Kale

Utangulizi

Mtu atokaye mjini Taveta akashika njia ya kaskazini, mlima Kilimanjaro ukiwa mkono wake wa kushoto, hafiki mbali kabla ya kukutana na ukingo wa shimo kubwa lililofunguliwa na volkano zamani za kale. Chini ya ukingo huo, kati ya kuta za mawe zilizosimama wima, limelala Ziwa Challa. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya maji, na upande wa Tanzania jina lenyewe aghalabu huandikwa Chala. Ziwa si kubwa. Eneo lake ni kama kilomita 4.2 za mraba tu, lakini kina chake huzidi mita 90. Hakuna mto wa maana unaoonekana ukiingia, wala hakuna unaoonekana ukitoka. Sehemu kubwa ya maji yake ni mvua iliyonyesha juu katika misitu ya Kilimanjaro, ikazama ardhini, ikasafiri chini kwa chini hadi ikaibuka humo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tope la ziwa hilo lilivyogeuka kuwa mojawapo ya mizani ambazo kwazo wataalamu hupima hesabu za tarakilishi kuhusu tabianchi ya kale. Yatagusa pia kemia ya bahari, kwa kuwa mvua ya Taveta hutoka baharini, na sehemu ya udongo wa nchi hiyo huishia baharini. Huenda msomaji akauliza: jarida la Kiswahili lina haja gani na tope? Jibu langu ni kwamba mzozo mkubwa uliopo baina ya tope hilo na tarakilishi unategemea, kwa kiasi kisicho kidogo, tofauti ya maana baina ya maneno mawili ambayo sisi sote huyachanganya kila siku. Maneno hayo nitayafikia kwa wakati wake.

Kwanza istilahi. Hali ya hewa ni jinsi anga lilivyo leo au juma hili. Tabianchi ni wastani na mazoea ya hali hiyo kwa miaka mingi, na kwa desturi ya wataalamu miaka hiyo haipungui 30. Tarakilishi ni kompyuta. Neno hili nimelishika kwa sababu kazi inayozungumziwa hapa kwa kweli ni kazi ya tarakimu. Kuhusu modeli, nakiri kwamba nilisita. Wapo wanaosema kielelezo, na neno hilo lina sura nzuri. Ila kielelezo katika vitabu vyetu kimekwisha kuzoeleka kuwa mchoro au mfano wa kuigwa, na modeli ya tabianchi si mchoro wala si mfano wa kuigwa. Ni hesabu inayotembea. Nitasema modeli.

Tope na Misimu Yake

Maji ya chini kabisa ya Challa hayana oksijeni. Kwa hiyo hakuna mnyoo wala kiumbe mwingine wa kulivuruga tope, na kila kinachozama hulala pale kilipotua. Kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wa kusi unapovuma na hewa kupoa, maji ya juu ya ziwa hupoa pia, huwa mazito, huzama na kuchanganyika na ya chini. Mchanganyiko huo huinua virutubisho, na mwani mdogo mno wenye maganda mfano wa kioo, uitwao diatomu, husitawi kwa wingi. Ukifa, maganda yake huteremka na kufanya tabaka jembamba la rangi nyeupe. Miezi ya joto na mvua ifikapo, maji hutulia, na kinachozama ni mabaki ya viumbe pamoja na chembechembe za chokaa. Tabaka la wakati huo huwa jeusi. Jeupe moja na jeusi moja ni mwaka mmoja.

Mabaharia wa pwani yetu waliugawa mwaka kwa kusi na kaskazi karne nyingi kabla ya chuo chochote kulichunguza ziwa hili. Kumbe Challa nayo iliugawa kwa kigezo hichohicho. Sidhani kama wachunguzi wenyewe waliliona hilo kama sisi tunavyoliona, lakini tabaka lile jeupe lingeweza kuitwa tabaka la kusi bila ya kukosea hata chembe.

Uchunguzi mkubwa wa kwanza uliongozwa na Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji. Mnamo 2005 kikundi chake kilitoa mche wa tope wenye urefu wa zaidi ya mita 21, unaofikia miaka 25,000 nyuma. Nasema mche kama tusemavyo mche wa sabuni, kwa maana tope hutolewa ndani ya bomba refu likiwa na umbo hilo. Mwishoni mwa 2016 kazi ilirudiwa kwa mtambo mkubwa zaidi uliosimamishwa juu ya jahazi la kuelea, na safari hii mche ulifika karibu mita 215, sawa na takriban miaka 250,000. Msomaji akigawanya ataona kwamba mwaka mmoja wa Taveta una unene usiotimia milimita moja.

Umri wa tope hupatikanaje? Tabaka za miaka ya karibu huhesabiwa moja moja, kwa subira ya mtu anayehesabu mtama. Kwa tabaka za chini zaidi hutumika kaboni 14, ambayo nusu yake hupotea kila baada ya miaka 5,730, na kwa hiyo kinachosalia katika jani lililozama huonyesha jani hilo limekaa tope kwa muda gani. Zaidi ya miaka 50,000 kaboni hiyo huwa imekwisha, ndipo majivu ya volkano na njia nyinginezo hutegemewa.

Lakini umri pekee hausemi kama mwaka ulikuwa wa neema au wa njaa. Kwa hilo hutazamwa unene wa tabaka, na zaidi ya hapo, mafuta ya vijidudu. Zipo bakteria na jamaa zake ambazo hubadilisha muundo wa mafuta ya utando wao kadiri joto la makazi yao linavyopanda au kushuka, na mafuta hayo hudumu topeni kwa makumi ya maelfu ya miaka. Kuyapima ni kusoma kipimajoto kilichozikwa. Hata hivyo shahidi huyu sharti ahojiwe. Katika chapisho la 2009 lililotolewa na jarida la Nature, kundi la Verschuren lilichukulia kwamba baadhi ya mafuta hayo yaliletwa ziwani na udongo uliokokotwa na mvua, hivi kwamba wingi wake ulikuwa dalili ya mvua nyingi. Utafiti wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba sehemu kubwa hutengenezwa ndani ya maji ya ziwa lenyewe. Dalili haikutupwa, ila ilibidi ifasiriwe upya. Wanafunzi wa fasihi simulizi watalielewa jambo hili upesi kuliko wengi: maneno ya shahidi yanaweza kubaki yaleyale, maana yake ikabadilika mara tu tunapojua alikuwa amesimama wapi.

Modeli kama Ubao wa Bao

Hebu tuchukue ubao wa bao. Kila shimo lina kete zake, na kete husogea kwa sheria zisizobadilika. Sasa tufikirie ubao uliotandazwa juu ya dunia nzima, wenye mashimo maelfu kwa maelfu, tena uliopangwa ghorofa juu ya ghorofa kutoka vilindi vya bahari hadi kwenye anga la juu. Badala ya kete, kila shimo lina joto, upepo, unyevu na shinikizo la hewa. La baharini lina chumvi na kaboni pia. Baada ya kila nusu saa hivi ya wakati wa kubuni, kila shimo hupokea kutoka kwa jirani zake na kuwapa. Sheria za mchezo ni zile za fizikia: nishati haipotei, maji hayapotei, na upepo husukumwa kutoka kwenye shinikizo kubwa kwenda kwenye dogo. Nguvu inayouendesha mchezo ni jua.

Wazo hilo ni la zamani kuliko tarakilishi zenyewe. Mwingereza Lewis Fry Richardson alilichapisha kitabuni mwaka 1922 baada ya kujaribu kupiga hesabu ya saa chache tu za anga kwa mkono, na jibu lake likatoka na makosa makubwa. Mwaka 1969 Syukuro Manabe na Kirk Bryan, wakifanya kazi Marekani, waliunganisha ubao wa anga na ule wa bahari kwa mara ya kwanza. Manabe alikuja kushirikishwa katika Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2021.

Kwa kipindi cha kale, mwanzo wa mchezo ndio unaobadilishwa. Miaka 21,000 iliyopita, wakati enzi ya barafu ilipofikia kilele, hewa ukaa angani ilikuwa karibu sehemu 190 kwa kila milioni, ilhali kabla ya viwanda ilikuwa 280 na leo imepita 420. Barafu nene ilifunika Kanada na kaskazini mwa Ulaya, na kwa kuwa maji hayo yalitoka baharini, usawa wa bahari ulikuwa chini kwa takriban mita 120. Mambo hayo huingizwa, ubao unaachwa uchezwe kwa mamia ya miaka ya kubuni, kisha matokeo yanalinganishwa na tope, barafu na matumbawe. Tangu miaka ya 1990 upo mradi wa kimataifa ambamo nchi mbalimbali huchezesha modeli zao kwa mwanzo uleule ili ionekane zinapishana wapi.

Kasoro ya ubao ni ukubwa wa mashimo. Katika modeli nyingi zinazotumiwa kwa kazi hii, upande mmoja wa shimo ni kilomita 100 hadi 200. Voi, Taveta na Moshi zinaweza kuingia zote katika shimo moja na kupewa mvua moja! Mlima wenye mita 5,895 husawazishwa na nyika zinazouzunguka, ukabaki kilima cha kawaida. Anayejua tofauti ya mvua baina ya Marangu na Maktau atatambua mara moja hasara iliyopo hapo. Ndiyo maana mawingu na mvua za ngurumo, ambazo ni ndogo kuliko shimo, hazikokotolewi moja kwa moja bali hukadiriwa kwa kanuni, na kanuni hizo ndizo zinazotofautisha modeli moja na nyingine.

Jambo moja lisichanganywe na modeli. Baada ya Lonnie Thompson na wenzake kutoboa barafu ya Kilimanjaro mwaka 2000, walitoa matokeo yao mwaka 2002 wakionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya eneo la barafu lililokuwapo mwaka 1912 lilikuwa limetoweka, na kwamba mwendo huo ukiendelea barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na mabaki bado yapo kileleni, ingawa yanazidi kupungua. Wapo waliodai kwamba hilo limeumbua modeli za tabianchi. La hasha. Ile haikuwa modeli. Ilikuwa ni kunyoosha mstari. Tena maji ya Challa na chemchemi za Taveta hayategemei barafu hiyo kwa kiasi cha kutajika. Yanategemea mvua inyeshayo msituni.

Pale Zilipokubaliana

Tope la Challa na modeli zilikutana kwa mapatano mema mwaka 2011. Christian Wolff na wenzake, waliokuwa Potsdam, Ujerumani, walipima unene wa tabaka za kila mwaka kwa miaka 3,000 ya karibuni, kisha wakapima zile za enzi ya barafu. Mwaka wenye upepo mkali na ukame, ambao huandamana na La Niña, huacha tabaka nene. Mwaka wa El Niño, wenye mvua nyingi, huacha jembamba. Waligundua kwamba wakati wa baridi kuu mvua ya Afrika Mashariki ilikuwa chache, na pia ilikuwa haibadiliki sana mwaka hata mwaka. Modeli zilipochezeshwa zilitoa sura hiyohiyo, na zilipoelekezwa mbele zikasema kinyume chake: dunia ikipata joto, mtafaruku wa mvua baina ya mwaka na mwaka utaongezeka. Yaani gharika na ukame vitafuatana kwa nguvu zaidi. Mkulima aliyeshuhudia misimu mitano mfululizo ya mvua haba kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, kisha mafuriko ya El Niño mwishoni mwa 2023, na masika ya mafuriko ya 2024, hahitaji kufasiriwa tabaka.

Yapo pia mapatano ya muda mrefu zaidi. Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia inayozunguka, na mzunguko mmoja wa athari yake huchukua kiasi cha miaka 23,000. Katika nchi za mbali na ikweta mvua za monsuni hupanda na kushuka mara moja katika mzunguko huo. Kundi la Verschuren lilionyesha kwamba karibu na ikweta hupanda mara mbili, yaani kila miaka 11,500 hivi, kwa kuwa mahali hapa panapokea unyevu wa pepo za pande zote mbili. Wakati fulani kaskazi hupata nguvu, wakati mwingine kusi. Na katikati, ambapo hakuna upepo uliopata nguvu, huwa ni ukavu. Taveta ina masika na vuli ndani ya mwaka, na inazo tena masika na vuli zake za miaka elfu kwa elfu.

Bahari na Matumbawe ya Malindi

Nimesema mvua ya Taveta hutoka baharini. Vuli hasa hutii joto la Bahari ya Hindi: upande wa magharibi, yaani wa kwetu, ukipata joto kuliko wa Indonesia, mvua hupita kiasi, kama ilivyotokea mwaka 1961, mwaka 1997 na mwaka 2019. Kwa hiyo modeli isiyoifahamu bahari hii haiwezi kuifahamu Challa. Hata umbo la nchi za mbali huhusika. Bahari iliposhuka kwa mita 120, mwambao mpana wa Indonesia uligeuka nchi kavu na mzunguko wa hewa juu ya Bahari ya Hindi ukabadilika. Pedro DiNezio na Jessica Tierney walipolinganisha modeli 12 na ushahidi wa mashapo mwaka 2013, moja ndiyo iliyojitokeza kulingana nao vyema kuliko nyingine zote. Hili lingepaswa kuwapa unyenyekevu wote wanaonukuu modeli moja na kuiita sayansi.

Kumbukumbu za bahari zimo katika matumbawe, ambayo hujenga mifupa yake ya chokaa tabaka kwa tabaka, kama mti. Bonge moja kutoka Malindi liliwapa Julia Cole na wenzake, mwaka 2000, historia ya miaka 194 ya joto la maji ya pwani ya Kenya, iliyosomwa katika uwiano wa oksijeni nyepesi na nzito. Bonge jingine, lililochapishwa mwaka 2007 na kundi la Dominik Fleitmann, lina umri wa miaka 300 na linazungumzia jambo linaloigusa Taita-Taveta moja kwa moja. Mto Tsavo, uchukuao maji kutoka upande wa Kilimanjaro, hukutana na Athi ndani ya hifadhi ya Tsavo, ukaitwa Galana, na kufikia bahari karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Udongo uchukuliwao na mto huo hubeba bariamu. Ukikutana na maji ya chumvi huiachia, na tumbawe huinyonya na kuiweka mfupani mahali palipostahili kalsiamu. Basi uwiano wa bariamu na kalsiamu ni daftari la udongo uliopotea. Daftari hilo karibu halina mabadiliko kutoka 1700 hadi 1900. Baada ya 1900 hesabu inaanza kupanda bila kurudi, na kilele chake ni kati ya 1974 na 1980, ambapo udongo uliofika baharini ulikuwa mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili. Watafiti wametaja ongezeko la watu, ukataji wa misitu, kilimo kisicho na utaratibu na ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Daftari ni la bonde zima, ukiwamo upande wa Athi utokao nyanda za juu, kwa hiyo haifai kumbebesha mkulima wa Taveta peke yake.

Sehemu nyingine ya kemia ya bahari ni nzito zaidi kwa modeli. Bahari hunyonya hewa ukaa, nayo ikiyeyuka majini hufanya asidi hafifu. Tangu enzi ya viwanda ianze, kipimo cha pH cha maji ya juu kimeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1. Tofauti inaonekana kama si kitu, lakini kipimo hiki hukua kwa mara kumi kumi, na kushuka huko ni sawa na ongezeko la karibu asilimia 30 la chembe za asidi. Tumbawe hupata taabu zaidi kujenga. Katika enzi ya barafu mambo yalikuwa kinyume. Hewa ukaa iliyopungua angani ilifichwa, kwa sehemu kubwa, katika vilindi vya bahari. Wataalamu wanaafikiana kuwa ilikwenda huko. Namna ilivyokwenda, na mchango wa kila sababu, bado ni mjadala, na modeli za kemia hutofautiana.

Kitendawili Chenyewe

Modeli nyingi zinatabiri kwamba Afrika Mashariki itapata mvua zaidi dunia inapozidi joto. Sababu yake ni rahisi: hewa yenye joto hubeba unyevu mwingi. Lakini kuanzia miaka ya 1980 hadi ya 2010 mvua za masika zilipungua badala ya kuongezeka, na wataalamu wenyewe wamelibatiza jambo hili kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki. Tierney na wenzake, mwaka 2015, walitoa ushahidi wa mashapo ya Ghuba ya Aden kwamba kukauka kwa Pembe ya Afrika katika karne ya 20 kulikwenda sambamba na kuongezeka kwa joto, tena kwa kasi isiyo ya kawaida ndani ya miaka 2,000.

Mwaka 2023, katika Nature, Allix Baxter na wenzake waliuliza Challa swali hilo kwa kipindi cha miaka 75,000. Jibu lilikuwa la pande mbili. Kwa makumi ya maelfu ya miaka ya enzi ya barafu, joto lilipopanda, unyevu nao ulipanda, kama modeli zisemavyo. Kisha, karibu miaka 11,700 iliyopita, uhusiano huo ukageuka. Hewa ukaa ilikuwa imevuka sehemu 250 kwa milioni, na joto limekaribia la siku zetu. Tangu hapo, joto likipanda, nchi imekauka.

Hapa ndipo yanapokuja yale maneno mawili. Neno la modeli ni mvua. Neno la tope ni unyevu, yaani kile kinachobaki baada ya jua kuchukua chake. Joto huongeza mvua na huongeza pia uvukizi. Katika dunia ya baridi faida ilizidi hasara. Palipofikiwa kiwango fulani cha joto, hasara ikazidi faida. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba modeli ziko sawa kuhusu mvua na tope liko sawa kuhusu maji. Tunaposikia redioni kwamba mvua itaongezeka tunaelewa kwamba maji yataongezeka, na lugha yetu ya kila siku haitusaidii kuyatenganisha. Mkulima wa ndizi anayemwagilia kwa maji ya chemchemi ya Njoro Kubwa hanywi mvua. Anatumia salio.

Nadhani lawama kwa modeli zimezidi kidogo katika mjadala huu. Nyingi hukokotoa uvukizi pia, na matokeo huwa yamo; ila ramani zinazofika mezani kwa watunga sera ni ramani za mvua. Upungufu wa kweli uko mahali pengine. Baxter na wenzake wanasema modeli zinahitaji kuboreshwa katika kukokotoa jinsi pepo zinavyobadilika pamoja na jinsi joto linavyofanya kazi, na hilo halitawezekana kwa mashimo yanayoumeza Kilimanjaro mzima. Tena ziwa moja si nchi nzima. Maji ya Challa hutoka msituni, na msitu una mapishi yake.

Bado sehemu ya chini ya mche ule wa mita 215. Humo, katika tabaka za miaka kama 125,000 iliyopita, kimo kipindi kingine cha joto kilichotangulia hiki chetu, chenye hewa ukaa karibu sehemu 280, na usawa wa bahari uliopita wa leo kwa mita kadhaa. Ikiwa kigeuko kilichoonekana miaka 11,700 iliyopita ni kanuni ya mahali hapa, basi sharti kionekane humo pia, kikiwa kimekwenda na kurudi. Kisipoonekana, itabidi itafutwe sababu nyingine ya ukavu wa sasa. Tabaka hizo bado zinasomwa.